Tundu Mahali pa Jibu

Nina miaka sitini na minne, na leo alfajiri
nimeendesha gari katika theluji, kutoka Youngstown hadi Akron,
kutafuta kipande cha karatasi
kisichozidi ukubwa wa stempu mbili.

Nisikilizeni kwanza, mtacheka baadaye.

Dada yangu Milka, akiwa na miaka saba,
alichukua mkasi wa mama wa kushonea
akakata kuponi nyuma ya kitabu changu cha katuni:
miwani ya kuonea ng'ambo ya ukuta, dola moja na gharama za posta.
Alikata kwa adabu, ulimi nje, kona nne sawasawa.
Upande wa pili wa karatasi
alikuwapo Nondo, akijibu.

Nondo, shujaa wangu. Mbawa za kijivu, kofia ya bati.
Jina lile lilinitosha mara mbili:
mdudu anayeifuata taa hata ikimuunguza,
na chuma kile alichokivuta baba kwa koleo
kikiwa chekundu, zamu ya usiku.

Toleo la thelathini na saba: daraja limekatika,
basi la shule linaning'inia,
Nondo amelishika kwa mikono miwili, mbawa zinatoa moshi,
na mtoto dirishani anauliza, "Utatuachia?"
Kisha tundu.
Mahali pa jibu niliona goti langu.

Nimelijaza tundu hilo miaka hamsini na mitano.
Nikiwa na miaka tisa alijibu, "Kamwe!"
Mwaka tanuri zilipozimwa,
baba akarudi saa nne asubuhi, chakula hakijaguswa koponi,
alijibu, "Sijui."
Mke wangu alipoondoka hakujibu kitu.

Nina masanduku kumi na manne chini ya nyumba,
kila kitabu na mfuko wake angavu, kadibodi mgongoni
kama mgonjwa wa uti.
Huwa navifungua Jumapili, nanusa wino uliochacha,
nahesabu pini zilizoshika kutu.
Unyevu ni adui. Jua ni adui.
Na nondo, yule mdogo wa kweli, anayetaga mayai gizani,
ningemuua kwa kiatu bila kusita.

Akron, basi. Ukumbi chini ya kanisa, meza za kukunja, kahawa mbovu.
Wanaume wa rika langu wanapekua masanduku
kwa vidole viwili, kama wanaotafuta mshipa.
Binti mmoja mwenye waya za meno
anahesabu sarafu, anazihesabu tena.
Orville Tackett akalichomoa bila hata kutazama.
"Tisini."
"Sabini."
Akanitazama viatu. "Themanini, na sikukuoni hapa hadi Machi."

Sikungoja nyumbani. Nikafungua garini,
heta ikikoroma, mikono nimeipangusa kwenye suruali mara tatu.

Hamtazami mtoto.
Anatazama juu, kwenye nyaya, shingo imekakamaa, anasema:
"Hamieni viti vya nyuma, nyote. Polepole."

Ni hilo tu. Hakuna kiapo.
Sauti ya mtu aliye kazini.

Nikampigia Milka, Tucson, kuko jua huko.
Mkasi haukumbuki. Kitabu haukijui.
"Lakini miwani," akasema, "miwani naikumbuka. Haikuja."
Ulitaka kuona nini, we mtoto?
"Ukuta wa kiwanda. Nilitaka nijue kama baba yumo humo kweli."
Kisha akanieleza habari za nyonga yake,
na daktari mpya, na bei ya maji.

Kioo kimefunikwa theluji. Sijawasha vifutio.
Kupitia upenyo uliobaki namwona yule binti anatoka,
koti amelivua, amekifungia kitabu ndani yake,
anakanyaga barafu
kama aliyebeba mayai.