Kioo cha Dirisha, Govan

Baba aligonga ribiti miaka thelathini na mmoja
matumboni mwa meli, chali, cheche zikimwangukia shingoni.
Nyundo zilimlipa Ijumaa kwa Ijumaa,
kisha zikajilipa zenyewe: zikachukua masikio.

Akabaki kusikia kwa kiganja.
Ghorofa ya tatu, manyunyu tangu Jumatatu,
hubandika mkono kwenye kioo cha dirisha
akausoma Mto Clyde kama barua iliyotoka kwa ndugu:
"Hiyo ya makaa, tupu, inarudi Ayr.
Ile ya ngano haikuwahi maji kujaa.
Na huyu," akitabasamu, "huyu ni Jessamine."

Jessamine ni tagi. Fupi, pana, dohani moja nyekundu,
masizi hadi kwenye kifuniko cha birika la chai,
na kamba nene kama paja la Tearlach, serahangi wake.

Siku ya kushusha meli namba mia sita na nane
mji mzima ulitazama meli.
Bendi, kofia, chupa ikapasuka omoni,
minyororo ikaburuzwa katika wingu la kutu,
na chuma chote kile kikateleza kinyumenyume
kama mtu anayetoka mbele ya mfalme.
Baba alitazama tagi.
"Meli siku ya kwanza haijui kitu," alisema,
kwa sauti kubwa mno, kama viziwi wasemavyo.
"Haina injini. Ni nyumba isiyo na mtu.
Na mto mwembamba. Watazame wanaoishika mkono."

Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani.
Yeye alizijua ngama zote.
Hakuna meli hata moja iliyomrejea.

Halafu yadi zikafungwa,
winchi zikauzwa kwa kilo,
kioo kikawa kioo tu.

Jana lori la bia lilipita chini.
Dirisha likatetema. Baba akainua nyusi:
"Jessamine?"
Nikaitikia kwa kichwa.
Uongo mdogo, wa ukubwa wa ribiti.

Alinitazama kitambo.
Akafuta ukungu wa pumzi yake kwa mkono wa sweta.
"Lori huanzia kwenye kioo," akasema.
"Tagi huanzia kwenye nyayo."

Akavua viatu, akarudi kusimama dirishani.
Nami, sijui kwa nini,
nikavua vyangu.