Kushikwa Mara Moja

Bonde la Deba, Novemba, na manyunyu
yasiyojua kunyesha wala kukoma.
Karakanani ni nyuzi ishirini usiku na mchana,
wala si kwa kutuhurumia sisi:
chuma kikipata joto hutanuka,
na mikroni nane hazimsubiri mtu avue koti.

Terexa Ugarteburu alikula miaka thelathini na mitano humu
kwa mihimili mitatu:
kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini.
Iliyobaki ilikuwa viwiko vyake.
Akikaza jiliwa, akikata, akilegeza,
akikigeuza kipande kama mtoto mwenye homa,
akipangusa maranda ya chuma, akikaza tena,
nyundo ya shaba, ta, ta,
jicho kwenye sindano ya kipimo.
"Kila ukikifungua," aliniambia, "umekopa.
Na kosa lina riba."

Mashine mpya haikupita mlangoni. Tulibomoa ukuta.
Meza yake huinama,
na katika kuinama huko huzunguka,
mihimili mitano kwa pumzi moja;
kipande kimeshikwa mara moja tu, chini,
dunia nzima ndiyo inayokizunguka.

Kazi ya kwanza: gurudumu la pampu, titani,
mapanga kumi na moja yaliyojipinda
kama majani ya kabichi yanayotaka kufunga.
Nilijifunza kwamba kisu kirefu hutetemeka na kuacha mawimbi,
basi unakilaza kipande ili kisu kifupi kifike.
Nilijifunza kwamba ncha ya kisu cha mviringo, katikati kabisa,
haizunguki. Haikati. Inasugua tu.
Basi usikisimamishe wima;
kiinamishe kidogo, kikate kwa shavu.

Usiku wa pili, kati ya panga la saba na la nane,
ukucha wangu ulikwama.
Ngazi. Ya unene wa unywele uliopasuliwa mara nne.
Kompyuta ilikuwa imeonyesha kila kitu laini,
kijani kibichi, hakuna kugongana.
Terexa alikuja na mwavuli na thermosi,
hakuitazama skrini.
Aliweka kiganja ubavuni mwa mashine,
akakiacha hapo muda wa kunywa kikombe.
"Uliiamsha?"

Sikuwa nimeiamsha.
Niliikurupua kutoka usingizini, nikaitwika titani.
Mhimili ulipopata joto ulijinyoosha,
na kitovu cha meza, ambacho hesabu zote hukitegemea,
kikahama bila kuaga.

Basi: dakika arobaini ikizunguka bila kukata.
Kisha tufe la chuma juu ya meza,
kidole cha kipimo kikaligusa,
tukainamisha, kikaligusa,
tukazungusha, kikaligusa,
mpaka kitovu kikapatikana kilipojificha.
Alfajiri, panga la kumi na moja,
ukucha ulipita kama juu ya maji.

Gurudumu la kwanza lilikwenda kwenye chakavu.
Bado sijamwambia Joanes bei yake.

Terexa alifungua kabati la vibano vyake,
vyote alivyovichonga mwenyewe, kimoja kwa kila upande
wa kazi ambazo hazitarudi.
Nilitaka kusema neno.
Akachukua kimoja, akakipima uzito mkononi,
akasema dirisha la jikoni kwake hupigwa na upepo,
hiki kitalishika.
Akatoka, manyunyu yakaendelea,
na mwavuli akauacha.