Herufi Mbili Mpinini

Torbjørg anayeyusha risasi jikoni
kwa sufuria ambayo bintiye kaikataza uji.
Baruti nyeusi, kijiko kimoja,
nta ya nyuki, mafuta ya kondoo:
ganda la shaba hushiba, halicheui.

Uwanjani Røros theluji yafika magotini.
Anashusha pumzi. Anakaza kidole.
Moshi mweupe, mzito, wamfunika,
wanuka yai viza.
Shabaha haionekani;
angoja upepo umwambie kama amepata.

Kulia, inchi mbili. Kama jana.
Kama alivyokosa, labda, yule afisa
aliyechonga H.L. mpinini
asiache jina.

Usiku anaiosha kwa maji ya moto na sabuni,
matundu sita, moja moja,
mithili ya anayeogesha mtoto wa mtu
ambaye hatakuja kumchukua.