Saketi ya Kumi na Saba

Raatevaara, kaskazini ya Ufini, mwezi wa kumi.
Jua limechungulia kama mdai aliyekosea nyumba
na limeondoka kabla ya kuulizwa shida yake.
Hilkka Ylitalo ameuzuia mlango wa paneli kwa goti,
tochi mkono wa kushoto,
wa kulia karatasi: saketi arobaini na mbili.

Nje bado ni nyuzi mbili juu ya sufuri.
Ndiyo saa yake, anamwambia Ánte.
Barafu haibishi hodi,
na bomba likishapasuka halibembelezeki.

Ya kwanza, maji ya kuzimia moto.
Waya uwake kwenye nyuzi tano, uzime kwenye nane.
"Kwa nini pengo?"
Kwa sababu swichi nayo huchoka.
Iamuru iwake na izime kwenye namba ileile,
itatetema usiku kucha, taka sitaki, taka sitaki,
na Januari itaikuta imekufa wima.

Ya tano: kihisi kikikatika, waya uwake.
"Usizime?"
Usizime. Tusipoona, bora tulipe umeme
kuliko kulipa bomba.

Ya kumi na moja, umeme unaovuja:
miliampea thelathini, kisha ukatwe.
Hapa hatanii. Namba anaisoma mara mbili
kama mtu anayehesabu watoto wakivuka barabara.

Kumi na saba.
Bafu la dharura, kando ya tangi la asidi.
Skrini inasema nyuzi kumi na moja.
Nzuri.
Nzuri mno.

Ndani ya mlango, chini ya alama ya hatari,
kuna penseli ya Armas aliyestaafu majira ya kuchipua,
Armas aliyesema miaka thelathini
kana kwamba kila neno analitoza ushuru:
*17 mwongo.*
Basi.

Wanalifuata bomba kwa miguu.
Kihisi wanakikuta kimefungwa ubavuni mwa pampu,
kimejikunyata kwenye joto lake kama paka jikoni,
kinatoa habari njema za mahali kilipo.
Mita kumi na mbili mbele, nyuma ya ukuta,
bomba linageukia upepo,
sufi imechanika upana wa kiganja,
chuma kiko uchi.

Hilkka anavua glavu, anakigusa.
Februari iliyopita, anasema, kengele haikulia.
Ripoti iliandika: hakuna aliyeungua.
Haikuandika kwamba Armas alikuja kufanya jaribio la Ijumaa,
akavuta mnyororo, halikudondoka tone,
akabaki ameushika,
ameushika tu,
hadi mtu wa zamu alipokuja kumtafuta.

Wanakihamisha kihisi.
Tumboni mwa bomba, mbali na pampu, mbali na waya wenyewe,
utepe wa alumini, sufi mpya, koti la bati juu.
Ánte anarudi mbio kwenye skrini, anapaza sauti:
Tisa!
Saba!
Sita, bado sita,
nne.
Relei inagonga mara moja, kavu,
kama ulimi wa mtu aliyekumbuka kitu.

"Sasa inasema kweli."
"Sasa inaogopa," anajibu Hilkka. "Ndicho tulichokitaka."

Kengele ya chini anaiweka kwenye tatu, si mbili.
Kitabu kinaruhusu mbili,
lakini mwandishi wa kitabu hajatembea
toka chumba cha zamu hadi hapa kwenye theluji ya magoti,
dakika arobaini na koleo mkononi.

Kisha anamwita kijana kwenye bafu. Vuta.
Maji yanamiminika juu ya buti zao,
baridi ya kukata jino,
na Ánte anaruka akitukana kwa Kisami
huku Hilkka akiuacha mnyororo uning'inie, uyumbe,
utulie wenyewe.

Maandishi ya penseli hayafuti.
Anaweka alama ndogo pembeni mwake, na tarehe.

Kumekuwa giza. Ni saa tisa na nusu alasiri.
Zimebaki ishirini na tano.