Uzi wa Chaki

Ukuta wa nyuma, unaotazama maegesho,
mwaka mzima niliufahamu kwa ufagio tu:
bigijii zilizokauka, mavi ya njiwa, pakiti za krispi
ambazo upepo wa mto Klaidi huzibandika pale kama notisi.
Leo kuna ngazi tatu, ndoo tisa,
na watoto wa darasa la sita waliovaa mashati ya baba zao
kinyumenyume, vifungo mgongoni.

Mwalimu Galbraith ana mchoro kwenye karatasi:
meli, kilima, kreni, na juu ya vyote
anga la buluu, safi, kama sare iliyotoka dukani.
Morven akautazama mchoro, akatazama juu,
akautazama tena.
"Mwalimu, hii Greenock ni ya wapi?"

Nilicheka peke yangu na maji yangu ya sabuni.

Miaka kumi na minne niliandika mabango kule Muheza:
KINYOZI WA KISASA. DUKA LA DAWA.
KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA.
Hapa hakuna aliyeniuliza. Fomu ya kazi
ilikuwa na kisanduku cha mgongo, je, unauma,
na kisanduku cha funguo, je, umewahi kuzipoteza.
Cha mkono hakikuwepo.

Kwa hiyo nilinyamaza walipoanza mstari wa maji
kwa rula ya sentimita thelathini,
kipande baada ya kipande, na mto ukapanda
kama ngazi ya kwenda darini.
Yazan akafuta. Kinga akafuta alichofuta Yazan.
Mvumilivu hula mbivu, lakini mstari uliopinda
hauivi hata ukiusubiri.

Nikatoa uzi mfukoni, nikausugua kwa chaki,
ncha moja kwa Yazan, nyingine kwa Kinga.
"Kazeni. Zaidi. Sasa msipumue."
Nikauvuta katikati kwa vidole viwili,
nikauachia:

pwa!

Kutoka bomba la mvua hadi dirisha la jiko,
mstari mmoja, mweupe, umelala sawa.
Kimya.
Halafu wote kwa pamoja: tena!

Wakaniuliza rangi kwa lugha yangu.
Kijani ni jani, nikasema. Manjano ni kile kiungo cha mchuzi.
Zambarau ni tunda linalochafua ulimi.
Samawati ni mbingu zenyewe,
na kijivu ni jivu,
kinachobaki moto ukishakula.
Morven akafikiri, brashi ikimdondokea kiatuni.
"Basi huku," akasema, "mbingu ziliungua zamani."

Mwalimu akaukunja mchoro wake mara mbili.
"Haya. Changanyeni."

Wakapaka jivu la makaa, jivu la karatasi,
jivu lenye maziwa kidogo upande wa kilima,
na Kinga, bila ruhusa, bizari nyembamba
pale ambapo jua lingekaa kama lingekuja.
Saa tisa ikaja mvua. Tukashikilia turubai juu ya vichwa,
watu kumi na tisa, mikono ikitetemeka,
tukilinda anga dhidi ya anga.

Jioni niliosha brashi; mkataba unasema niosha.
Sinkini maji yalishuka zambarau, kijani,
mwisho yote yakawa rangi moja, ile ya Morven.
Uzi sikuurudisha mfukoni.
Nimeutundika kwenye msumari wa stoo,
si ule wa juu, wangu,
ule wa chini.