Mkaazi

Kisiwa hiki ukikipita kwa lami kinakwisha upesi:
unatia chai kwenye chupa Mkoani,
unafika Konde bado inafuka.
Mwaka wa tatu huu mimi na Mgeni tunakipita pembeni,
kwa njia za ng'ombe, za wachuma karafuu,
na hatujakimaliza.

Gari niliinunua mnadani, Gombani:
Landrova ya dawa ya mbu,
ile ile niliyoiendesha miaka kumi na tisa,
nikasimama nayo mbele ya kila mlango wa Pemba
nisilale hata nyumba moja.
Siku niliyostaafu ndugu zangu walishagawana vyumba vya marehemu baba,
mimi nikabakishiwa ukumbi na maneno.
Ukumbi nikawauzia.
Maneno niliyaacha pale pale.

Nyuma tulitoa mapipa, tukatia kitanda cha kamba
tulichokikata miguu, jiko la gesi, ndoo mbili,
na msahafu ndani ya mfuko wa kijani, juu, karibu na dari.
Mvua ya kwanza ikinyesha bati hunuka dawa hadi leo.
Mgeni husema: «Angalau mbu wanatuheshimu.»

Yeye hakutaka. Asije mtu akakwambia alitaka.
Wiki ya kwanza alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani,
kama abiria anayengoja kushushwa kwao.
Mpaka siku ile ndani ya Ngezi, kabla ya Vumawimbi,
mti umelala njiani, na njia imegawika mbili.
Akashuka. Akavua kiatu.
Akakanyaga huku kwa kisigino, akakanyaga na kule.
«Kushoto,» akasema. «Kulia kunadanganya.»
Tangu hapo mimi nashika usukani tu.
Dereva ni yeye.

Anajua udongo mwekundu wa Mtambile
hukupokea kama shangazi; kukuaga ndiyo kazi.
Anajua jiwe la uwandani, Micheweni, halipigi kelele,
linakata tairi huku limenyamaza.
Mchanga, anasema, unataka tairi laini na roho ngumu.

Masika yaliyopita bonde la mpunga lilitumeza hadi kwenye milango.
Wanawake wakaja na miundu mikononi, wakatuzunguka.
«Kilichozama ni nyumba au gari?»
Mgeni akafikiri kwanza.
«Vyote viwili,» akasema,
wakacheka mpaka mmoja akakaa kwenye maji.
Wakatutandikia makuti na majamvi mabovu chini ya magurudumu,
wakasukuma, matope hadi kwenye nyusi.
Tukawalipa kwa kupakia magunia yao saba
na kuyafikisha Kangagani, sisi wawili tumekaa juu ya kijiko na sufuria,
kitanda tumekifunga juu ya paa kama maiti.

Kisha kitambulisho changu kikaisha muda.
Sheha akakishika, akasoma kwa sauti, «Mzanzibari Mkaazi,»
kidole chake kikasimama kwenye neno la pili.
«Unakaa wapi, Shaame?»
Nikamwambia: jana, chini ya mikarafuu ya Bi Raya.
Juzi, Kigomasha.
Kesho, akipenda Mungu na ikitosha dizeli, Kiuyu.
«Nambari ya nyumba?»
Nikamtajia nambari ya gari.
Aliandika. Akafuta.
Akachungulia dirishani: Mgeni ameanika kanga kwenye kioo cha pembeni,
amekaa kwenye bampa anachambua mchele,
na watoto wa mtaa wameshamzoea.
Akaandika tena, safari hii kwa wino.

Leo tumelala pahala pasipo jina,
au lina jina ila waliolijua wamehama.
Injini inapoa, tik, tik,
kama fundi anayepigilia misumari bila haraka.
Mbele kuna kinjia cha mbuzi, chembamba,
hakimo kwenye ramani yoyote niliyopata kuiona.
Mgeni kashuka na tochi, kiatu mkononi.
Kisigino kikirudi kikavu,
tutakwenda.