Unene wa Ukuta

Tudor, ghorofa ya nne. Barua chini ya mlango:
Bi Rukiya, ondoa kimia cha mbao roshanini.
Siku kumi na nne. Sura ya jengo ni ya wote.

Bwana Mwakio, katibu,
nyumba hii nimeinunua kwa viinua mgongo viwili,
changu na cha marehemu,
na hati yasema changu chaanzia plasta kuja ndani.
Basi nieleze:
nikipigilia msumari wa kalenda,
ncha yake imeingia kwenu?

Nyuma ya kimia hukaa mamangu, kichwa wazi,
akihesabu magari, akikosea, akianza tena.
Mwezi wa Rajabu alipanda juu ya kiti
avuke hewani kwenda kwa shogaye
aliyezikwa mwaka wa themanini na mbili.
Kanuni ya kumi na moja haikuwapo kumshika.
Nilikuwapo mimi, na mikono yenye unga.

Leo kaja fundi Katana na bisibisi,
katibu nyuma yake na futi mkononi.
Mama akampisha kiti:
"Karibu. Umetoka ng'ambo?"

Akakaa. Hakupima kitu.
Gari likapita.
"Kumi na saba," akasema polepole.
"Kumi na sita," mama akamsahihisha.